Mstari wa Tatu

Shemeji yangu amefundisha kusoma kwa miaka kumi na minne bila kukaa na mtoto hata mmoja, na kwa kazi hiyo ametunukiwa vyeti ishirini na sita. Vyote viko ukutani sebuleni kwa mdogo wangu, vimepangwa kwa mwaka, na msumari wa cheti cha ishirini na saba umeshapigwa, unasubiri.

Chamani wanamwita Bwana Mbinu. Chama chenyewe ni cha walimu wa lugha. Kina katiba, kina muhuri, kina kaulimbiu mpya kila mwaka, na kila mwaka kamati inakaa asubuhi nzima kubishana iwapo kaulimbiu hiyo ianze na "Pamoja" au iishie na "Pamoja". Sisemi haya kama mtu wa nje. Mimi ni mwanachama wa miaka kumi na minane. Nimevaa beji ya kadibodi yenye kamba ya zambarau, nimekunywa chai ya saa nne iliyopoa, nimekaa kwenye vikundi vya majadiliano ambamo watu wazima sita wanajadili nani awe mwandishi wa kikundi mpaka muda wa kujadili unakwisha. Nimesikia neno la shukrani, na shukrani za kushukuru neno la shukrani. Kwa hiyo nikikidharau chama hiki, nakidharau kwa haki yangu ya uanachama.

Bwana Mbinu nilimfahamu kabla hajawa shemeji. Alikuja shuleni kwetu kijana mwenye shati lililonyooka, akapewa darasa la kwanza lililopakana na langu ukuta kwa ukuta, watoto sitini na mmoja. Andalio lake la somo lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuona: kila dakika ina kazi yake, mistari imepigwa kwa rula, vichwa vya habari kwa wino mwekundu. Kisha anaingia darasani, na baada ya dakika kumi nasikia dawati limeanguka. Watoto hawakuwa wamesoma andalio. Mmoja anataka kwenda kujisaidia, mwingine kang'oka jino, wawili wanagombania kifutio, na yeye amesimama ubaoni na dasta mkononi anasubiri dakika ya kumi na mbili, ambapo imeandikwa kwamba wanafunzi watajibu kwa pamoja.

Asubuhi moja nilimkuta stoo, ameketi juu ya katoni ya chaki, uso umelowa. Aliniuliza hawa watoto wanataka nini hasa. Nilimwambia wanataka aketi nao, asikilize mmoja mmoja anavyosoma, basi, kazi ni hiyo na haina ujanja. Akanitazama kana kwamba nimemwambia akalale zizini. Mwaka huohuo alihudhuria mkutano mkuu wa chama kwa mara ya kwanza, akarudi anang'aa. Alikuwa ameona darasa la ndoto zake.

Kila mkutano mkuu una somo la mfano. Mwanachama mmoja anafundisha, wengine wanatazama na kutathmini. Zamani, wakati wa walimu waliotufundisha sisi, darasa la watoto halisi lililetwa ukumbini. Halafu mkutano ukahamishiwa wakati wa likizo, watoto wakawa hawapatikani, na katibu akapendekeza kwamba kwa muda tu wanachama wenyewe wakae kama wanafunzi. Muda huo ulikuwa haujaisha. Utamkuta mwalimu mkuu mzima, mwenye wajukuu na kitambi, amebanwa kwenye kiti cha plastiki, ananyoosha kidole na kubana pua: mimi mwalimu, mimi mwalimu. Utamkuta mkufunzi wa chuo anamfinya jirani yake ili aonekane mtundu, lakini mtundu wa kiasi, anayetulia akiambiwa mara moja. Wote wanajibu kwa pamoja dakika ya kumi na mbili. Na kwa nini wasijibu? Wanajua kusoma. Anayewafundisha kusoma watu wanaojua kusoma hawezi kushindwa hata akijitahidi.

Ila somo bila kosa halinogi, kwa sababu mwalimu hapati la kusahihisha. Kwa hiyo chama kilibuni cheo cha mkosaji. Mkosaji ni mwanachama anayepewa kijikaratasi wakati wa chai, kimeandikwa akosee nini na wapi. Akifika pale anakosea, anajikuna kichwa, anaangalia dari, na mwalimu wa mfano anamwokoa kwa mbinu yake. Cheo hicho kilikuwa changu kwa miaka kumi na mmoja. Nilisifiwa sana. Kuna mwaka nilikosea vizuri mpaka wajumbe wakasimama kunipigia makofi, na katibu akasema kwenye kipaza sauti kwamba huo ndio uhalisia.

Mbinu ya shemeji inaitwa Njia ya Msafiri. Anayesoma ni msafiri na ukurasa ni barabara. Msafiri akikosea, mwalimu anapandisha nyusi na kusema, "Ahaa, msafiri kapotea," na darasa zima linanyoosha vidole kumwelekea na kuimba mara tatu: msafiri kapotea, mwonyesheni njia. Kosa huja mstari wa tatu, daima wa tatu. Wa kwanza ni wa kuzoea, wa pili ni wa kujiamini, wa tatu ni wa kupotea. Ndivyo ilivyo katika kiongozi cha mwalimu alichokiandika mwenyewe kwa miaka tisa, kurasa mia na arobaini, na ndivyo tulivyofanya kila likizo, watu wazima themanini wenye sauti za kubana pua, tukinyoosheana vidole na kucheka. Wimbo ule uliniingia mwilini. Nilikuwa naukuta mdomoni nikifua nguo.

Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ningepumzika. Anampenda mdogo wangu, hanywi, hapigi, hana nyumba ndogo. Jioni anawakagua watoto wake daftari huku akitamka hatua kwa sauti: sasa tunafungua, sasa tunatazama. Watoto wake walijifunza kusoma kwangu, wakati wa likizo, mezani jikoni, na sijawahi kumwambia. Yeye mwenyewe alishahamishwa kutoka darasani miaka mingi, akawa mratibu wa mafunzo, cheo ambacho kina ofisi, kabati na kiti kinachozunguka, na hakina mtoto. Amejaa sifa za watu ambao nao wanasubiri zamu yao ya kusifiwa. Wamemvisha kilemba cha ukoka kwa muda mrefu hata amekizoea, analala nacho.

Basi mwaka jana ofisi ya elimu ikataka kiongozi kimoja cha kufundishia kusoma katika shule zote za eneo letu, na chama kikapeleka cha kwake. Kilipokelewa. Lilibaki jambo moja. Afisa aliyekabidhiwa kazi hiyo, ambaye wote tulimwita Mkaguzi, aliandika kwamba angependa kuona mbinu ikifundishwa kabla ya kitabu kupelekwa kiwandani. Akaongeza, ifundishwe kwa watoto, na chama kikaurudisha mkutano wa mwaka huo ndani ya muhula.

Mdogo wangu alinijia nyumbani kesho yake, hata hakukaa vizuri kitini.

"Dada, nakuomba darasa lako," alisema.

"Na shule za mjini zote zimekataa?"

"Hajauliza. Anaona haya. Hajala tangu juzi, anazunguka sebuleni anafundisha viti."

Nilicheka, naye hakucheka. Akaniambia kwamba mume wake hana kitu kingine duniani zaidi ya kitabu kile, na kwamba kikikataliwa atakufa akiwa amesimama. Nikamwambia nitafikiri, ingawa nilishajua nitakubali, na sababu yangu haikuwa mdogo wangu wala huruma.

Sababu yangu ilikuwa mtoto mmoja wa dawati la mbele. Wenzake walimwita Kidole, kwa kuwa alifuata kila neno kwa kidole cha shahada, na ukimwondoa kidole ukurasani ni kama umemzimia taa. Alilelewa na bibi yake, mwanamke anayefua mashuka ya nyumba za wageni, asiyejua herufi hata moja. Kwa miezi minane Kidole hakutoa sauti darasani. Alijua kusoma, nilimwona macho yanavyokwenda, lakini mdomo ulikuwa umefungwa. Kila siku baada ya kengele nilikaa naye dakika kumi, mimi na yeye, kitabu katikati, sisemi kitu. Sikumhimiza, sikumpongeza. Mwezi wa tisa, siku isiyo na chochote cha pekee, akasoma. Sauti ndogo, kavu, lakini neno kwa neno mpaka nukta. Wiki ile bibi yake alikuja kuniambia mtoto anamsomea nyumbani kila kinachosomeka: pakiti ya sabuni, chupa ya dawa ya kikohozi, tangazo la maji. Alisema alikuwa hajui kwamba vitu vyake vyote vile vina maneno.

Wiki tatu baadaye nikampeleka ukumbini. Sauti hiyo ilikuwa bado changa, na nilijua kwamba ikizimwa sasa sitaipata tena. Nilijua, na nikampeleka. Nilitaka wale wa kubana pua wamsikie mtoto anayesoma kwelikweli. Nilitaka shemeji aone kazi ya kuketi chini na kusikiliza. Kusema kweli nilitaka kumkomesha mbele ya watu, na nikamtumia mtoto.

Shemeji alituma maneno ya wimbo yaliyopigwa chapa, akiomba niwafundishe watoto kabla ya siku yenyewe. Niliyatia kwenye droo. Ajifunze, nilisema moyoni, watoto wa kweli hawaji wakiwa wameshafundishwa.

Siku ya somo tuliingia saa tatu asubuhi, watoto arobaini na wawili, wamepangwa wawili-wawili, soksi zimevutwa juu. Ukumbi ulikuwa uleule: mapazia ya rangi ya maji ya kunde, bango la kitambaa ambalo mwaka wake umebandikwa juu ya mwaka uliopita, na kipaza sauti kinachokoroma. Watoto waliketi mbele kuelekea ubaoni. Nyuma yao wakaketi wanachama themanini. Waliambiwa safari hii wao ni watazamaji tu, na nyuso zao zilionyesha wazi kwamba wameonewa. Mwalimu mkuu wa kitambi aliuliza kama hata kunyoosha kidole hakuruhusiwi. Mkaguzi alikaa pembeni mwa ubao na simu yake, na pembeni yake mpigapicha wa ofisi. Mimi nilisimama ukutani, katikati ya watoto na wakubwa.

Bwana Mbinu aliingia na suti ya kijivu. Alishika andalio lake kwa mikono miwili kama mtoto mgeni, nikamwonea huruma, halafu akafungua mdomo huruma ikaniisha. Alizungumza na watoto kama anavyozungumza na wakufunzi wa vyuo. Aliwaeleza malengo mahususi. Watoto wakamtazama. Akauliza swali la dakika ya tano, kimya. Mtoto mmoja akajibu kwamba ana kiu. Shemeji akatazama nyuma kwa wanachama, na nikaona kwa macho yangu wale watu wanavyojizuia, vidole vinawawasha, jibu limewafika kooni.

Ndipo akaomba msomaji. Nilimwonyesha Kidole kwa kichwa, naye akasimama na kitabu. Akaniangalia kwanza, nikamwitikia kwa kichwa. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

Akasoma mstari wa kwanza. Ukumbi ulitulia, kipaza sauti kikaacha kukoroma, na sauti ile ndogo ikasikika mpaka kwenye mapazia. Akasoma wa pili, safi, bila kukwama hata mara moja. Mpigapicha akapiga picha. Nilijisikia kulia, na nikamwangalia shemeji nione kama amesikia. Hakuwa amesikia. Alikuwa anahesabu.

Kufika mwisho wa mstari wa pili, Kidole alinyamaza. Ndivyo nilivyomfundisha mimi. Unafika mwisho, unavuta pumzi, unarudisha kidole chako upande wa pili polepole, unakitua kwenye mstari unaofuata, halafu unasoma. Kidole chake kilikuwa bado njiani. Hakuwa amekosea kitu, hata herufi. Lakini mstari wa tatu ulikuwa umefika, na kwa miaka kumi na minne mstari wa tatu ndiko mtu anakopotea.

"Ahaa," alisema Bwana Mbinu, na nyusi zikapanda. "Msafiri kapotea."

Watoto hawakuujua wimbo. Walinyamaza. Na katika kimya kile, nyuma yao, wanachama themanini wa chama cha walimu wa lugha wakaimba. Hakuna aliyewaambia. Waliimba kwa zile sauti za kitoto, za puani, wakubwa wenye miwani na mikoba, vidole vyote vimemwelekea mtoto mmoja aliyesimama: msafiri kapotea, mwonyesheni njia. Mara tatu, maana ni mara tatu. Wengine walicheka kwa raha ya kurudishiwa kazi yao. Mkaguzi, macho kwenye simu, aliusikia wimbo akatikisa kichwa kwa kuridhika na kuandika kitu. Baadaye tulielezwa alichoandika: ushiriki wa wanafunzi ni wa hali ya juu.

Kidole aligeuka kutazama sauti zinatoka wapi. Aliona ukumbi mzima unamnyooshea vidole. Akanitafuta. Akaniona pale ukutani, na ndipo mimi mwenyewe nikagundua kwamba mkono wangu umenyooka, na kidole changu kimemwelekea.

Sikuimba. Hilo ningeweza kuapa, ingawa halisaidii. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imeninyanyua mkono bila kuniuliza, nikaushusha haraka, lakini alishaona. Akaufunga mdomo. Akakifunga kitabu, akakiweka mezani kwa mikono miwili, akakaa. Shemeji alimwambia vizuri sana, sasa msafiri ameiona njia, aendelee. Hakuendelea. Shemeji akamwomba tena, akiwa tayari anatazama andalio lake. Mkaguzi akaangalia saa, akanong'ona kwamba ana uzinduzi mwingine mahali, akashikana mikono na katibu, akaondoka na mpigapicha wake. Somo likamaliziwa na mwenyekiti, ambaye alisoma mistari sita iliyobaki mwenyewe kwa kubana pua, na kupotea mahali panapotakiwa.

Mchana kulikuwa na tathmini. Niliwarudisha watoto shuleni, nikarudi mbio, nikaomba nafasi ya kusema. Mwenyekiti akaniambia hoja yangu haimo kwenye ajenda, ningoje kipengele cha mengineyo. Kabla ya mengineyo chama kiliazimia kwamba somo lilifaulu. Kwamba dosari ndogo zilizojitokeza zilitokana na watoto kutoandaliwa. Kwamba mwaka ujao wanachama warejee nafasi yao ya wanafunzi kwa ajili ya ubora. Walipofika mengineyo watu walikuwa wameshasimama foleni ya vyeti. Nilizungumza na migongo.

Nilimpata shemeji nje, kwenye ngazi, anajipangusa shingo kwa leso.

"Yule mtoto hakukosea," nilimwambia.

"Shemeji, somo lilikuwa na mtiririko mzuri. Umeona Mkaguzi alivyofurahi?"

"Nasema hakukosea. Alikuwa anavuta pumzi."

Alifikiri kidogo. Nadhani alifikiri kwa dhati, kwa jinsi anavyoweza.

"Sasa ningejuaje?" alisema. "Wewe ulikuwa unakosea palepale."

Kulikuwa na matusi ya kutosha kinywani mwangu kwa chama kizima na kamati zake ndogo, na yote yalikuwa ya kweli, lakini hapakuwa na hata moja ambalo lingemwelekea yeye likanipita mimi. Niliingia ndani nikachukua cheti changu cha mahudhurio, kwa kuwa kilikuwa kimeshaandikwa jina, nikaenda nyumbani.

Jumatatu Kidole alifika kabla ya kengele. Aliketi dawatini, akafungua kitabu ukurasa niliosema, akaweka kidole mahali pake. Macho yalikwenda. Mdomo haukufunguka. Nilikaa naye dakika kumi baada ya masomo, kama zamani, kitabu katikati. Nilikaa naye Jumanne. Nilimwomba radhi siku ya Jumatano, kwa maneno ya kawaida, nikamwambia mwalimu wake alifanya vibaya. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akaokota begi lake. Tangu siku ile hakunijibu hata nilipoita majina asubuhi. Alinyanyua mkono tu, nami nikaweka tiki. Wiki ya kwanza, ya pili, ya nne.

Kitabu kilipigwa chapa upesi, nitoe sifa hapo. Katoni zililetwa shuleni wiki ya saba. Mdogo wangu alinipigia simu akiwa analia kwa furaha, akasema mume wake amekula sahani mbili. Nilimpongeza. Nilifungua katoni moja ofisini kwa kisu cha karatasi, na jaladani nikamkuta Kidole. Ni picha nzuri. Amesimama, kidole ukurasani, mdomo uko wazi katikati ya neno. Ilipigwa kwenye mstari wa pili.

Siku tatu hazikupita, bibi yake akaja. Alikuwa amevaa nguo ya kutokea, na mikono yake ilikuwa bado nyeupe kwa sabuni kwenye makunyanzi. Kidole alikuwa amemshika upindo wa nguo. Tuliamkiana, nikamvutia kiti, akaanza na lililomleta: mtoto ameacha kumsomea. Alidhani ni macho, akampeleka kupimwa, wakamwambia macho mazima. Akadhani ni uvivu, lakini mtoto anafua, anachota maji, anacheza. Ila ukimpa pakiti ya sabuni anakurudishia.

Nilianza kutafuta maneno. Yeye akanipunguzia kazi, maana alikuwa na jambo la pili, na hilo lilimfanya atabasamu. Alitoa kitabu cha Bwana Mbinu kwenye kitambaa alichokifungia. Mgeni mmoja wa kule anakofua, mwalimu, alikuwa nacho, akamwonyesha, naye akamsihi mpaka akapewa.

"Tazama mjukuu wangu," alisema. "Wamemweka mbele kabisa. Na chini hapa kuna maneno. Nimemwambia anisomee, amekataa. Wanasemaje, mwalimu?"

Maneno yalikuwa madogo, chini ya picha, kwa herufi za mlalo. Kidole aliyaangalia. Nikaona macho yake yakienda kutoka kushoto hadi kulia, mara moja, bila kukwama, halafu yakapanda na kutulia usoni kwangu. Alishayasoma. Alitaka kuona mimi nitasoma nini.

Ningeweza kukiweka kitabu kile chini. Ningeweza kumwambia yule bibi pale pale kilichotokea ukumbini, nani aliimba na nani alinyoosha mkono, na kwamba macho ya mjukuu wake hayana shida. Alikuwa ameshika kitabu kwa mikono yote miwili, ameinama, anasubiri sifa za mtoto wake, na mimi nikawa mwoga.

"'Msafiri mdogo akifurahia safari ya kusoma,'" nilisoma, neno kwa neno.

"Unaona," bibi alisema, akacheka kwa haya na kumgusa mtoto begani. "Kumbe alifurahi."

Kidole alikichukua kitabu mikononi mwake, akakifunga ndani ya kitambaa, akakaza fundo. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa wiki saba, naye hakuwa anasema na mimi.

"Bibi, twende nyumbani."